Jani la Wino

…au ni konokono tu, konokono hana adabu, hula katikati ya jani akaacha pembeni kama mtoto anayechezea chakula, lakini konokono huacha ute unaong'aa na hapa hapana ute, hapa kuna tundu lenye ukingo wa kahawia, mkavu, unaokwaruza kidole kama karatasi iliyosahaulika karibu na moto, na tundu la namna hii limepigwa kutoka juu, na kinachopiga kutoka juu ni mvua ya mawe, basi na iwe mvua ya mawe, afadhali mvua ya mawe, haina mshipa wa aibu na wala haiujui mshipa wa jani, inatua popote inapopata, inapasua, inaondoka, na baada yake mmea unaendelea na mambo yake… "Dada, unakata au hukati?" alisema mdogo wake kutoka nyuma, na Dada Mkubwa, ambaye nyumba nzima na nusu ya wateja wa kitalu walimwita hivyo, hata wale waliomzidi umri, akasema "Mmh," ambayo si ndiyo wala si hapana, akaendelea kuchuchumaa mbele ya nusu pipa, magoti yakimlalamikia, kisu cha kukunja kimefunguliwa katika mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto amelipinda jani pana la hosta, mmea wa kivulini upandwao kwa uzuri wa majani yake, lingali kwenye kikonyo chake, mpaka jua likapenya ndani na mishipa yote ikasimama kama mistari ya kiganja, kwa sababu jani lisilopitishwa mwanga ni kama mtu aliyevaa koti, huwezi kujua amekonda au amenenepa, mama alisema hivyo, mama alikuwa na msemo wa kila kitu na kila msemo ulikuja na kazi ya kukupa, shika hapa, mwagilia kule, usikae bure kama mgeni. Na mgeni leo ni huyu kitindamimba, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja unatikisika, amekuja kuchukua mmego wake, ndivyo walivyoita wao, mmego, kwa sababu mama hakuwahi kuuza hata kipande cha mmea huu, wateja walikuja wakautamani, wakaongeza bei, mama akawaambia huu hauuzwi, huu humegwa, na humegewa mtoto wangu anayetoka kwenda kuanza kwake, na kweli kaka alipotoka alimegewa, na yule wa kati alipotoka alimegewa, na mama mdogo naye alimegewa ingawa hakuwa mtoto, alililia tu mpaka akapewa, amebaki huyu, aliyeondoka haraka haraka na sanduku moja bila kuaga vizuri, na mama akasema mwacheni, chake kipo, atarudi kukichukua mwenyewe, na amerudi, amerudi kweli, mama akiwa hayupo, na huko nje shemeji anapakia vyungu kwenye pikapu na kupiga mluzi, wanakwenda kufungua kitalu chao, kitalu kipya, udongo mpya, neti mpya ya kivuli isiyo na kiraka hata kimoja… "siyo kwamba sikutaka kuja, dada, usije ukadhani hivyo," mdogo wake alikuwa akisema, kwa sauti ya chini, na Dada Mkubwa akasema "Mmh," sikutaka, nilitaka, nani amekuuliza, alitaka kusema, miguu si ni yako, lakini alikuwa amechoka, uchovu ulikuwa umemkaa begani kama mtoto aliyelala, ukimshusha anaamka, kwa hiyo unambeba tu, akaligeuza jani na kulitazama upande wa chini.

Upande wa chini tundu ni lile lile, ukingo ni ule ule, hii ni mvua, hata mahakamani angeapa, na anaikumbuka mvua yenyewe, atakosaje kuikumbuka, wiki ile ya mwisho ya mama, wingu limekuja jeusi tangu mchana na yeye akaliburura pipa kutoka chini ya ukingo wa paa na kulisogeza nje, akasema leo mvua initilie maji yenyewe, kazi moja ipungue, kazi moja tu, kubeba ndoo tangu bombani mpaka huku wakati chumbani kuna shuka za kubadilisha na uji unaopoa na mgongo wa mama wa kugeuza, na mvua ikaja, si maji, mawe, ikapiga bati mpaka usisikie unachofikiri, na mama kitandani akafungua macho, mama ambaye siku zile alikuwa hafungui macho hata ukimwita kwa jina lake la utotoni, akasema, "Wino uko wapi?" na yeye akasema, "Uko ndani, mama, uko salama," na mama akafumba macho akatabasamu, na huko nje majani yalikuwa yanatobolewa moja baada ya jingine kama tiketi. Wino. Ndilo jina la mmea wenyewe, mama aliupa, siku nyingi, wakati Dada Mkubwa alikuwa hata hajaanza kufunga mwenyewe vifungo vya sare ya shule, ulikuja miche ya hosta safu nzima, yote kijani hafifu, imefanana kama askari, na katikati ya safu mmoja uliokuwa na kijani kizito kwenye mishipa, kizito kimemwagika kwenye hafifu, kimekimbia na mishipa na kuvuja pembeni, kana kwamba mtu aliandika juu ya jani bichi na kalamu ikavuja, mama akauinua, akauzungusha, akasema tazameni, huu umejiandika wenyewe, huu ni wino, akautenga na wenzake akaupandia pipa lake peke yake, akawa anawaonyesha watu kama unavyoonyesha mtoto aliyeshika namba ya kwanza… "Dada Mkubwa!" shemeji aliita kutoka kwenye pikapu, "huo mmea unausahihisha? Mbona unautazama kama karatasi ya mtihani? Upe hata nusu alama twende!" na Dada Mkubwa akajibu bila kugeuka, "Shemeji, pakia vyungu, mdomo wako haupandi mche," na shemeji akacheka, ni mtu wa kucheka, hilo halikataliki, akacheka mpaka mluzi ukamponyoka akauanza upya.

Lakini haya mengine… kwa sababu kando ya tundu la mvua, na mbali na tundu la mvua, na kwenye jani ambalo mvua haikuligusa kabisa kwa kuwa lilikuwa limejificha chini ya wenzake, kuna haya mengine, mabaka yasiyo makavu, yasiyo na ukingo wa kahawia, yaliyo hai kabisa ila rangi yake siyo, na mwaka huu yamekuwa makali, au macho yake ndiyo yamekuwa makali, labda ni ile baridi iliyofuata baada ya mvua, baridi nayo hukunjakunja jani, hulifanya liwe kama ngozi ya kidole kilichokaa sana kwenye maji, au labda ni jua la ghafla baada ya baridi, jua huchoma, jua huacha weupe, lakini jua huchoma lile lililolielekea tu, halichagui, na haya yanachagua, haya yanafuata mishipa, mshipa ukikata kona nayo yanakata kona… yule mtaalamu wa mimea alimwambia kwa simu, sauti yake ina mafua, akipenga kamasi kila baada ya sentensi, "Swali ni moja tu, mama, uliulize jani: ndivyo ulivyo, au ni yaliyokukuta? Yaliyoukuta mmea hayajui mishipa. Yako juu juu, makavu, yamepasuka, na jani jipya likija linakuja safi. Lakini virusi vimo ndani ya maji ya mmea, vinasafiri na maji, kwa hiyo vinafuata njia ya maji, na kila jani jipya linakuja navyo. Huo hauna dawa. Huo ndivyo ulivyo." Na yeye akiwa jikoni, sufuria mkononi, akauliza sasa mtu ataonaje, baba, kwa macho tu ataonaje, na mtaalamu akapenga kamasi akasema, "Ah, utaona tu. Ni kama wino, mama. Kama wino uliodondoka kwenye karatasi mbichi ukakimbia na mishipa," na yeye akasema ahaa, asante, ugua pole na mafua yako, akakata simu, akasonga ugali… hapana, hakusonga kitu, alisimama tu na sufuria tupu, akajiambia vitu vinavyofanana na wino ni vingi, usiku ni kama wino, kahawa ni kama wino, wataalamu wana mifano miwili na wanaigawa kwa kila anayepiga simu, na tangu siku ile kila asubuhi analipinda jani kwenye mwanga na kila asubuhi anaanza na matundu, kwa sababu matundu yana majibu… "hata kwenda bafuni ilikuwa kwa kusindikizwa," mdogo wake alisema, "mtu mzima mimi, nasindikizwa kama mtoto wa chekechea," na Dada Mkubwa akasema "Mmh," bafu, anaongelea bafu, huko wanakojenga bafu lipo nje labda, watazoea, "nilalie ubavu wa kushoto, ubavu wa kushoto tu, dada, kutwa kucha nautazama ukuta," ndiyo, ukuta, sasa kafika kwenye kuta, ukuta wa rangi gani, ukuta wa tofali au wa mbao, mtu anazikwa na wewe unamhadithia dada yako habari za ukuta, lakini ndivyo alivyo huyu, ndivyo alivyo tangu mdogo, walimdekeza, mtoto wa mwisho ni wa mwisho kuzaliwa na wa kwanza kusamehewa, mwezi baada ya mwezi mama anaisha kitandani na yeye anatuma sauti kwenye simu, sauti fupi, dada nimebanwa kidogo, dada msalimie mama, dada wiki ijayo, na sauti yenyewe imekauka, haina hata pole ya maana, Dada Mkubwa alizisikiliza akiwa anafua, simu juu ya karo, na kaka alipopiga kuuliza vipi kitindamimba amefika, yeye alijibu kwa maneno mawili tu, ndivyo alivyo, na kaka naye akasema ee, ndivyo alivyo, kesi ikafungwa, na alipokuja alikuja baada ya mazishi, amekonda, macho makubwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama kisicho na mama na hakulia, akakunja tu mashuka yaliyokwisha kukunjwa.

Na sasa anataka mmego. Dada Mkubwa alifumba macho akalipitisha jani katikati ya dole gumba na kidole cha shahada, polepole, kama mama alivyokuwa anapima homa, mama hakuamini kipimajoto, alifumba macho akaweka kiganja kwenye paji la uso wako akasikiliza, na kidole kilipopita penye kijani hafifu kikasikia unene wake, na kilipopita penye baka kikasikia jani limepungua, limekuwa jembamba, limesinyaa kidogo kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya, nene, jembamba, nene, jembamba, na kidole hakidanganywi na rangi, akafumbua macho haraka kana kwamba kuna mtu amemwona. Hakuna aliyemwona. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, hakuna anayeona isipokuwa yeye, huyu aliye nyuma yake hajui tofauti ya virusi na viroboto, atakachoambiwa atakichukua, ukimwambia mmea ni mgonjwa, siwezi kuumega, ataondoka mikono mitupu na yeye Dada Mkubwa moyo wake utasema vizuri, ulikuwa wapi, hukuja kwenye kubadilisha shuka utakujaje kwenye kugawana, na ukimwambia ni mvua tu, mdogo wangu, haya ni ya mvua, chukua, ukakata kipande kizuri chenye machipukizi na mizizi ya kutosha ukamfungia kwenye gunia lenye unyevu, ataondoka anacheka, ataupanda katikati ya kitalu chake kipya, ataumega, atamega na mingine kwa kisu kile kile chenye maji yake, na msimu mmoja, miwili, wino utatokea hapa, utatokea pale, na hatajua umetoka wapi, na hakuna atakayejua, na Dada Mkubwa aliyatazama mawazo haya mawili, moja mkono huu na jingine mkono ule, akaona ajabu kwamba yote mawili yalimpa utamu ule ule, la ukweli na la uongo, utamu wa kuadhibu, na akaogopa kidogo, kwa uchovu, kama mtu anayeona mende na hana nguvu ya kuinua kiatu… "unanisikia, dada?" "Nakusikia," alisema, na hakuwa anasikia, alikuwa ameliona jani jipya. Lilikuwa limechomoza katikati kabisa, chini ya makubwa, limejikunja kama mwavuli uliofungwa, ncha imesimama, halijatoboka, halijaungua, limetoka baada ya mvua na baada ya baridi na baada ya kila kitu, jani lisiloijua mvua ile hata kwa kusimuliwa, jani lililozaliwa mama akiwa amekwisha kuzikwa, na mtaalamu alisema subiri jani jipya, na kama ni kusubiri amesubiri, halina hata sababu ya kukatwa, ni kuingiza ukucha wa dole gumba kwenye mkunjo na kulifungua kidogo, kama unavyofungua kiganja cha mtoto aliyelala ujue ameshika nini, na akalifungua, kidogo, polepole, na humo ndani, kwenye kijani laini kisichowahi kuguswa na mwanga, wino ulikuwa umekwisha kufika, umefuata mishipa yote, mwembamba, mzuri, umevuja pembeni.

Ni mzuri, hilo ndilo linalouma, laiti ungekuwa na sura ya ugonjwa, lakini ni mzuri, na mama aliuchagua kwa uzuri huo, kati ya safu nzima ya wazima akauchagua mgonjwa kwa kuwa ulipendeza, akauita kwa jina la ugonjwa wake bila kujua, miaka yote hii wameulizwa mmea huu unaitwaje na wamekuwa wakijibu, kwa majivuno, jina la maradhi, Wino, na kisu, Mungu wangu, kisu, kwa sababu mama alikuwa na utaratibu, alisema kisu hakifutwi kwa nguo, nguo ina sabuni na sabuni inachoma, kisu ukishamega hapa unakifuta kwa jani la mche unaofuata, ili unaofuata ujue zamu yake imefika, na wao watoto walipanga mstari nyuma yake wakicheka, zamu yako, zamu yako, zamu yako, na Dada Mkubwa akainua macho akaitazama safu mpaka kule mwisho kwenye neti iliyoraruka, miche yote ambayo zamu yake ilifika, na kwa kaka, na kwa yule wa kati, na kwa mama mdogo aliyelilia mpaka akapewa, mkono ule ule wenye upendo ulipita ukifuta kisu, na mkono huu wake nao, kisu ni hiki hiki, la kuvunda halina ubani, akakitazama kisu na hakukiweka chini kwa kuwa hakujua pa kukiweka. Sasa kupima, kuna kipimo, mtaalamu alisema lete jani, na kung'oa itakayong'olewa, na kuchemsha kisu na kukilowesha kwenye klorini kila baada ya mche, kila mche, na kuwapigia simu wote, haloo kaka, ule mmego wa mama, na alisikia uchovu ukiongezeka juu ya uchovu, lakini huu wa juu ulikuwa safi, wa kazi, una mwanzo na mwisho, siyo kama ule wa chini, ule wa chini ulikuwa kitu kingine na kwa mara ya kwanza aliutilia shaka, je huu nao ni nini, hizi hasira zilizomganda tangu mama aanze kulala, kila mtu anasema siku hizi Dada Mkubwa amekuwa mkali kama marehemu, ndivyo alivyo, amerithi, lakini labda siyo, labda alipigwa tu, mvua ya mawe mwaka mzima, yaliyomkuta, labda jani lijalo litakuja safi nani ajuaye, hajawahi kukaa akalisubiri… na ndipo aliposikia kwamba mluzi umenyamaza. Shemeji, asiyenyamaza hata akinywa maji, amesimama kando ya pikapu, chungu kimoja mikononi, hapakii, hapigi mluzi, anamtazama mkewe kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa jikoni, na mkewe, nyuma ya Dada Mkubwa, bado anaongea, sauti chini, sawasawa, sauti ya mtu aliyejizoeza kusema kitu hiki mbele ya kioo, "…ndiyo maana sauti zangu zilikuwa fupi, nikirefusha nalia, na mama angesikia, na daktari alishasema kulia hapana, kunyanyuka hapana, na wewe nikasema nikikuambia utakuwa na wagonjwa wawili, na bado ikatoka tu, dada, wiki ile ile ya mama," na Dada Mkubwa, mgongo umemgeukia, alianza kuyaokota maneno yaliyokuwa yamemwangukia pembeni muda wote huu kama makaratasi, bafu, kusindikizwa, ubavu wa kushoto, ukuta, ukuta haukuwa wa kujengwa, ulikuwa wa kutazamwa, mtu amelala ubavu wa kushoto mwezi baada ya mwezi ananyimwa hata kulia, na ikatoka, kinachomtoka mwanamke aliyelazwa namna hiyo ni kitu kimoja tu, hakihitaji mtaalamu, na yeye alimsikiliza huyu kwenye simu juu ya karo akahesabu tundu, akahesabu baka, akasema ndivyo alivyo, na huu mmea aliupinda kwenye mwanga kila asubuhi akiuombea, akisema ni yaliyoukuta, ni yaliyoukuta, amewapima wote wawili na amewachanganya, wa kuhurumiwa amemhukumu na wa kuhukumiwa amemhurumia, yeye anayejua majani, yeye anayeweza kusoma jani akiwa amefumba macho, hakuwahi hata siku moja kulipinda hili kidogo tu kuelekea mwangani. Mguu ulikuwa bado unatikisika juu ya ardhi karibu na ndoo, aliuona kwa pembe ya jicho, na mkono uko tumboni, umetulia pale kama mtu aliyesahau mlango ukiwa wazi, na amekuja, si amekuja, na vyungu vimekwisha kupakiwa na bado hajaondoka, hilo nalo si jani jipya ni nini. "Basi, ndiyo hivyo," mdogo wake alisema, akajipangusa uso kwa kiganja, akarudisha ile sauti yake ya mzaha, ya mtoto wa mwisho, "tuache hayo. Dada, unakata au hukati?" na jua lilikuwa pale pale, halijasogea hata upana wa kidole, jani bado limepindwa, kisu bado kiko wazi, magoti bado yanalalamika, na Dada Mkubwa, bila kugeuka kwanza, kwa kuwa uso wake ulikuwa haujawa tayari kuonekana, akasema, "Sikati, mdogo wangu, na nitakuambia kwa nini. Lakini anza wewe. Rudia. Pale uliposema daktari. Rudia tangu hapo, polepole, sikukusikia."